Samaki wa Ubavuni

Sisi walimu watatu, ambao pia tumekabidhiwa malezi ya makatekista wa visiwani, huvuka ziwa kutoka Bukavu kwenda Idjwi mara moja kila mwezi, na mara nyingine huteremka Ibinja kabla ya kurudi nyumbani. Mwaka huu ni wa kumi na mbili tangu tuianze kazi hiyo. Ndugu zetu katika chama wametuomba tuandike kidogo kuhusu safari hizo, na bila shaka walitarajia tuandike juu ya mafundisho yenyewe. Watuwie radhi. Tutaandika juu ya rangi, yaani michoro na maandishi yanayopakwa kwenye kuta za mji wetu na kwenye mbavu za mabwato yetu, kwa sababu huko tumejifunza jambo ambalo halimo katika daftari zetu.

Msomaji wa mbali asiyeijua Bukavu na auwazie mkono wa kijani uliotumbukiza vidole vitano majini. Ndivyo rasi zetu zilivyo. Maji hayo yako kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na penye vilindi kina chake hupita mita 470. Kaskazini yetu, katikati ya ziwa, imelala Idjwi, kisiwa chenye urefu wa kilomita 40 hivi, kikubwa kiasi kwamba mgeni akiwa kwenye milima yake ya kati husahau kwamba amezungukwa na maji. Daraja hakuna. Kila bati lililoko Idjwi, kila boksi la chaki, kila godoro la bibi harusi limefika kwa bwato, kama tunavyoiita huku mashua ya mbao. Na kila nanasi la Idjwi linaloliwa Kadutu, kila kikapu cha mihogo, kila kidumu cha kasiksi kimekuja kwa njia hiyo hiyo. Mgonjwa anayepelekwa kupasuliwa mjini hulazwa kati ya mananasi. Mwanafunzi anayekwenda chuo kikuu hukalia gunia la maharage. Tumewahi kusafiri na jeneza upande mmoja na mbuzi wa mahari upande wa pili, na wenye msiba na wenye furaha wakagawana kivuli cha turubai moja.

Kwetu safari huanza ukutani. Kutoka Kadutu hadi ufukweni, Beach Muhanzi, mtu hupita kama ndani ya kitabu kilichofunguliwa pande zote mbili za njia. Kuna vinyozi na vichwa vyao vitatu vinne vya vijana, vyote vikitazama upande mmoja, vyote na sikio moja kubwa kupita kiasi. Kuna duka la dawa na msalaba wake wa kijani, fundi cherehani na suti isiyo na mtu ndani. Kuna onyo la kutokojoa, linaloandikwa daima kwa hasira na kutiiwa kwa nadra. Kuna kuta ndefu ambazo makampuni ya simu yamezipaka rangi moja kutoka kona hadi kona. Juu ya hizo hatuna la kusema. Na kuna yale maneno ambayo kila mgeni huyaona ya ajabu: “Parseli hii haiuzwi.”

Mgeni mmoja alituuliza kwa nini mtu asiyeuza nyumba ajisumbue kutangaza kwamba hauzi. Swali lake lilikuwa la haki. Kila tangazo la namna hiyo ni kesi iliyofupishwa kwa maneno matatu. Baba amefariki, na watoto wa mama huyu hawapatani na watoto wa mama yule. Au mjomba ameonekana jioni akimpimia mtu kiwanja kwa hatua. Au hati za parseli moja zimo mikononi mwa watu wawili, na zote zina muhuri. Mjane asiye na fedha za wakili hununua kikopo cha rangi nyekundu. Tunaujua ukuta mmoja ambapo neno “haiuzwi” lilifutwa kwa chokaa likaandikwa upya mara tatu, kila mara kwa herufi kubwa zaidi. Tuliufuata ukuta huo mwezi hadi mwezi, kama watu wafuatavyo hadithi inayotoka gazetini kwa sehemu. Sasa hapo pamejengwa ghorofa, na ukuta haupo tena.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto husoma kwa kupanda ngazi: herufi, silabi, neno, sentensi. Mitaani na ufukweni watoto hawaijui ngazi hiyo. Wao hulikamata neno zima kwa rangi yake na kwa mahali lilipo. Katika shule moja ya kusini mwa Idjwi tuliwaambia watoto wa mwaka wa kwanza, ambao walikuwa hawajamaliza “ba be bi bo bu”, wachore bwato. Wote waliandika jina ubavuni. Wengi waliandika NEEMA, jina la bwato la siku ya soko, na baadhi yao waliligeuza kama linavyoonekana ndani ya maji yaliyotulia. Mwalimu wao, kijana mpole, alitaka kuwasahihisha. Tukamwomba angoje kwanza, tuwaulize watoto wameliona wapi. Walituambia kwamba wamekaa juu ya mwamba asubuhi, na neno walilochora ni lile la chini.

Nchi yetu haina haja ya kuona haya kwa wachoraji wa namna hii. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956, alianza Kinshasa kwa kuchora mabango ya wafanyabiashara, akafungua karakana yake mwaka 1975. Aliona kwamba watu huitupia picha jicho moja wakapita, akaanza kuandika maneno ndani ya picha ili mpita njia alazimike kusimama na kusoma. Leo kazi zake zimo katika makumbusho ya Ulaya. Lubumbashi nako, Tshibumba Kanda Matulu, kati ya 1973 na 1974, alichora historia ya nchi nzima katika picha zipatazo mia moja, akamweleza mtaalamu Johannes Fabian maana ya kila picha kwa Kiswahili chetu cha Kongo. Tunawataja wawili hao kwa sababu wapo wasomi wa mjini kwetu wanaodhani kwamba picha ikishakuwa na maneno si sanaa, na maneno yakishakuwa na picha si maandishi.

Fundi wetu wa Beach Muhanzi hakuwahi kuwasikia. Ni mtu wa makamo, mwenye vidole ambavyo sabuni imekwisha kukata tamaa navyo. Zamani aliishi kwa vibao vya maduka. Siku hizi wenye maduka huagiza turubai zilizochapwa kwa mashine, ambazo hupauka baada ya masika moja lakini zina picha ya simu inayong’aa. Bwato peke yake halivishwi turubai ubavuni. Mbao zinapokwisha kuzibwa kwa pamba na lami, na kabla halijarudishwa majini, yeye huitwa. Huchanganya rangi ya mafuta na petroli ili itoshe, maana mwenye chombo amelipa nusu ya bei, na hiyo ndiyo sababu mabwato mengi ya Kivu huwa na rangi iliyofifia kama nguo ya kurithi. Huchora bila kipimo. Huanza jina katikati na kulifuata pande zote mbili. Ndiyo maana herufi za mwanzo na za mwisho mara nyingi huwa nyembamba, kama watu waliochelewa kupata kiti.

Majina hayo, ndugu msomaji, karibu yote ni sala. Mungu ni Mwema. Dieu Merci. Nyamuzinda. Tumaini. Hata lile lililoitwa kwa jina la mchezaji mpira wa Ulaya lina msalaba mdogo nyuma, karibu na injini. Watu wa pwani ya Lamu huvipa vyombo vyao macho, yaani duara zinazochorwa au kuchongwa pande mbili za omo. Na pwani yote ya Waswahili, wanawake huyavaa maneno yao kwenye kanga. Sisi wa ziwani tumeweka sala yetu kwenye mbao. Hatuoni aibu kwa hilo. Anayeondoka gizani, hali upepo wa mchana unaweza kumkuta katikati ya ziwa, ana haki ya kuandika jina la Mungu kwenye chombo chake.

Ila ziwa limetufundisha pia kuwa wakali kidogo katika kusoma. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti lililotoka Minova lilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, likiwa limebakiza safari fupi kufika, na watu wa nchi kavu wakilitazama kwa macho yao. Abiria walikuwa wamechukua njia ya maji kwa sababu vita ilikuwa imeikata njia ya nchi kavu. Lilikuwa limejaa kupita kiasi. Mwezi ule, katika mikutano yetu ya Idjwi, hapakuwa na mtu aliyeuliza swali la mafundisho. Waliuliza: “Mwalimu, mtu ajue namna gani kama bwato limejaa?”

Kisheria, jibu lipo. Chombo kina idadi ya watu kinaoweza kuwachukua. Katika bwato moja tulilolipanda mara nyingi idadi hiyo ilikuwa imeandikwa kweli, kwa rangi nyeupe, na kwa mwandiko mzuri wa fundi wetu. Lakini iliandikwa chini sana, kwenye ubao wa pili kutoka kwenye mkuku. Chombo kikiwa kitupu, kimeegemea mchanga, kila mtu aliweza kuisoma. Abiria wa thelathini alipoketi, maji yaliifunika. Kwa hiyo idadi ilionekana kwa yule tu asiyekuwa na safari.

Jibu lingine tulilipata kwa mama mmoja muuza mananasi wa Idjwi kusini, ambaye hakusoma shule hata siku moja na hulisema jambo hilo bila masikitiko. Asubuhi moja tulikuwa tumesimama naye kwenye jiwe tukingoja zamu. Bwato lile lile lenye idadi iliyozama lilikuwa likipakia. Ubavuni, nyuma ya jina, fundi alikuwa amechora samaki. Si sambaza, wale samaki wadogo kama kidole walioletwa hapa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao wamelisha watoto wetu wote. Alikuwa samaki mkubwa kama mtu, mwenye midomo na kope, wa aina ambayo hakuna mvuvi wa Kivu aliyewahi kuivua. Tulimhimiza mama apande, maana nafasi zilikuwa zikiisha. Akatutazama kwa upole, kama atazamavyo mtu mzima watoto wa watu.

“Samaki ameanza kunywa, walimu. Mimi nangoja.”

Tulitazama. Maji yalikuwa yamefika kwenye mdomo wa chini. Alitueleza kwamba chombo kikiwa na shehena ya haki, samaki mzima huwa nje ya maji. Akianza kunywa, mawimbi ya mbele ya Ibinja yataingia ndani, na mtakwenda mkikomba maji kwa kopo. Akifika majini hadi jichoni, usimpandishe hata kuku. Alikuwa amejifunza hayo kwa mama yake mkubwa, kwa chombo kingine chenye ua badala ya samaki: kule walihesabu petali. Wanawake wa soko, alisema, wote wanajua. Wanaume hutazama injini.

Tulingoja pamoja naye. Tangu siku hiyo, katika mikutano yetu ya visiwani, tulipoulizwa lile swali tulijibu kwa samaki, na tukawaomba akina mama wawaeleze wengine kila mmoja kwa chombo cha kwao. Palikuwa na mambo mengi kuliko tulivyodhani: mkia wa ndege, mguu wa herufi M, kifundo cha malaika. Fundi aliposikia alishangaa, kisha akajivuna. Hakuwa amepima lolote. Alikuwa amechora penye ubao usio na mafundo.

Mmoja wetu, afundishaye historia, alitukumbusha habari ya Samuel Plimsoll, mbunge wa Derby huko Uingereza, aliyepigania mabaharia waliokuwa wakizamishwa na tamaa ya wenye meli. Mwaka 1876 bunge liliamuru kila meli ya biashara ichorwe mstari ubavuni kuonyesha kikomo cha shehena. Alama hiyo, duara iliyokatwa na mstari, ingali ikichorwa hata leo. Lakini sheria ile ilimwachia mwenye meli achague mwenyewe mahali pa kuuchora. Husimuliwa kwamba nahodha mmoja aliupaka kwenye bomba la moshi. Ikabidi kungojwa hadi mwaka 1890 ndipo serikali ilipojitwalia haki ya kupanga mahali pa mstari. Tulicheka sana kwa habari ya bomba la moshi, tukiwa tumeketi juu ya magunia, katikati ya ziwa.

Miezi michache baadaye bwato lile lilipandishwa mchangani kuzibwa na kupakwa upya. Liliporudi majini lilikuwa zuri, bluu na nyeupe, na jina la Mungu lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndefu kama mkono. Watu walilijaza. Tulimtazama samaki: alikuwa mkavu kabisa, kutoka kope hadi mkia, na abiria wangali wakipanda. Tulikuwa tumekwisha kutia mguu majini ili tulifikie, ndipo tuliposikia sauti ya yule mama nyuma yetu. Hakuwa akisema nasi hasa; alikuwa akisema na wenziwe wa soko.

“Samaki amepanda. Bwato halikupanda.”

Kweli. Samaki alikuwa amehamishwa, amewekwa chini kidogo tu ya ukingo, karibu na mahali abiria wanapoegemeza viwiko. Idadi ya abiria haikuandikwa tena popote.

Nahodha alituona tukisita, naye anatufahamu. Alituita kwa heshima, akanyosha kidole kwenye jina. “Walimu, nyinyi watu wa Kanisa! Someni hapo. Mungu ameandikwa, nanyi mwaogopa nini?” Watu walicheka, na tulihisi kicheko kile shingoni. Ni neno gumu kulijibu mbele ya umati, hasa kwa watu ambao kazi yao ni kuwaambia wengine wasiogope. Aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri alijibu kwamba jina tumelisoma, na tunaliheshimu. Na ni kwa sababu ya kuliheshimu hatutaki kulifanya lizibe tundu ambalo lami ingeliziba. Kisha akamkumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba hata Bwana wetu alipopandishwa juu ya mnara wa hekalu na kuambiwa ajitupe, hakujitupa. Nahodha alisema hana wakati wa mafundisho, injini inakula mafuta. Wanawake kumi hivi walishuka na vikapu vyao. Wanaume wawili walipanda mahali pao.

Bwato lilifika salama. Lazima tuliseme hilo, maana wapo waliotucheka mwezi mzima, na wanayo haki yao. Mara nyingi hufika.

Tulimwendea fundi. Tulitaka kumlaumu, lakini alitangulia kutuuliza kama tumempenda samaki mpya. Alisema mwenye chombo alimwambia ampandishe juu ili asichubuliwe na mchanga wakati wa kuvutwa ufukweni, naye akaona ni neno la busara. Hata rangi hudumu zaidi. Labda ndivyo ilivyokuwa. Mwenye chombo hatukumuuliza, kwani anaishi Goma na hatumjui. Tulimwomba fundi siku akiitwa tena aiandike idadi ya abiria juu, mahali pakavu, na tukatoa faranga zetu tukaziweka juu ya kopo lake. Alizirudisha. Alisema ataandika bure, lakini mwenye chombo akimwambia afute, atafuta, kwa kuwa ana watoto sita, na kuta zote za mji zimechukuliwa na mashine.

Na mama wa mananasi? Hakuonekana kusumbuka sana. Tulipokutana naye safari iliyofuata alikuwa amekwisha kuachana na samaki. Yeye na wenziwe sasa huhesabu mbao, kutoka ukingoni kwenda chini, kwa kidole, bila haya, mbele ya nahodha yeyote. Mbao tatu kavu, hupanda. Ubao hupakwa rangi yoyote lakini hauhami. Anawafundisha wajukuu wake kwa wimbo mdogo wa kuhesabu, na katika ile shule ya kusini tumeukuta wimbo huo umekwisha kuingia darasani, mwalimu kijana akiuongoza kwa fimbo ya ubaoni.

Jumapili iliyopita, saa ya kurudi, tulihesabu mbao mbili. Tulilala Idjwi nyumbani kwa katekista, tukala mihogo na sambaza, na mkutano wetu wa Jumatatu mjini ulianza bila sisi.